Bwana Mifugo na Ng'ombe wa Msiba

Isakwisa Mwakitalu alikuwa mwoga, na nasema hivyo kwa kumpenda. Nilitembea naye miaka mitatu, kuanzia mwaka 1955, kutoka Iringa mpaka Mbeya na kurudi. Yeye alikuwa bwana mifugo, mimi tarishi wake na mchukuzi wa sanduku la darubini. Ukitembea na mtu kwa miguu unakuja kujua kinachomtetemesha. Wengine kule Usangu waliogopa simba. Isakwisa aliogopa kusema jambo asilolijua vizuri, watu wakamwamini, na mtu akafa.

Kwao ni milimani juu ya Mbeya, kwenye baridi. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kimoraviani aliyelima viazi na pareto. Isakwisa alisoma Malangali, akaenda Tabora, na kutoka Tabora wakamchagua kwenda Makerere. Wakati ule hapakuwa na chuo kikuu Tanganyika nzima. Mtu wa Mbeya akitaka elimu hiyo alipanda basi la reli mpaka Itigi, akashika treni mpaka Mwanza, akavuka ziwa kwa meli, ndipo aingie Uganda. Aliniambia kwamba kwenye ile meli alitapika, akalia, akamwomba Mungu amrudishe nyumbani akachunge.

Hakurudishwa. Alikaa huko miaka mingi, akaja na diploma ya uganga wa mifugo. Mama yake, Tupokigwe, alimtazama na koti lake jipya, akamuuliza:

"Miaka yote hiyo, mwanangu, ulikuwa unasomea ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe wenyewe hawahawa?"

"Hawahawa."

"Haya. Yupo mmoja pale nyuma hataki kusimama akikamuliwa. Nenda kamsomee."

Mwaka wake wa kwanza alishindwa, wala sitalificha. Tulikuwa Nyololo siku ya mnada, akapanda juu ya sanduku awaeleze watu habari za kimeta. Ugonjwa huu humuua ng'ombe ghafla: asubuhi anakula majani, mchana amelala miguu juu, damu nyeusi inamtoka puani. Mtu akimchuna au akimla, naye yumo hatarini. Isakwisa aliyajua yote hayo, lakini aliyasema kama anayesomea watu kitabu. Vijidudu alivitaja kwa majina yao ya Kizungu. "Ni marufuku" alisema mara sita, nilihesabu. Palikuwa na mama mmoja muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, jina lake Severina. Alisikiliza weee, kata mkononi, halafu akapaza sauti:

"Kamwene, bwana mdogo! Hao wadudu wako wana masikio?"

"Hapana, mama."

"Na kwa macho hawaonekani?"

"Hawaonekani."

"Sasa unagombana na nani hapo juu? Shuka unywe ulanzi."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka kwenye kamba, kisha wakatawanyika. Wiki iliyofuata tukasikia kwamba watu wa upande ule wamekula ng'ombe aliyejifia. Tulipofika, baba mmoja wa watoto wanne alikuwa ameshazikwa, udongo bado mbichi. Isakwisa alikaa kwenye ukingo wa barabara, hakunywa hata maji. Hofu yake nilianza kuijua siku hiyo.

Mwingine angemlaumu muuza ulanzi. Yeye alitoa daftari. Kila ukurasa alikuwa ameugawa safu tatu: nilichokiona, ninachokidhani, nisichokijua. Hiyo aliitoa chuoni. Walikuwa na mwalimu mmoja ambaye ukichanganya safu ya kwanza na ya pili alikupa sifuri, hata kama jibu lako ni sahihi. Siku ile Isakwisa aliandika katika safu ya tatu: "Kwa nini watu wa hapa wanakula mzoga? Sikuwauliza."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, tena kwa kukatizakatiza, nikadhani Makerere ni mahali pa kukariri. Njiani alinieleza mengine. Alisema waliwekwa wanafunzi wanne kwenye ndama mmoja aliyekufa: yeye, Muganda, Mkikuyu na Mjaluo. Wampasue, waandike taarifa moja, na pasiwepo asiyeiafiki. Siku tatu walibishana, nusura wapigane, ndama anaoza. Na Jumamosi kulikuwa na mdahalo, ambapo unapewa kutetea upande usioupenda. Kabla hujampinga mwenzako lazima uyaseme maneno yake vizuri mpaka yeye mwenyewe atikise kichwa aseme ndiyo, hayo ndiyo yangu.

"Baba Marcelino," aliniambia, "huo mdahalo nilidhani ni mchezo wa watu walioshiba."

Sasa nije kwenye ile siku ya Machi, mwaka 1957.

Lori la idara lilitushusha kwenye barabara kubwa, tukapanda kwa miguu kuelekea kijiji kimoja cha milimani ambako tulitakiwa tukachanje ng'ombe. Ukungu ulikuwa mzito, mtu aliye mbele yako unamsikia kabla hujamwona. Tukasikia nyimbo za kanisani, na katikati ya nyimbo, vilio vya wanawake wazee. Mzee Andendekisye alikuwa amefariki.

Watu wa huko wana desturi, na lazima uijue. Mwanaume akifiwa na baba wa mkewe hupeleka ng'ombe msibani. Ng'ombe afike kwa miguu yake, achinjwe mbele ya wafiwa, watu wale. Asiyepeleka, mkewe atanyooshewa kidole maisha yake yote. Binti wa marehemu, Tusekile, alikuwa ameolewa Rujewa, huko chini Usangu, na mumewe Gideoni alikuwa ametembea na ng'ombe wake siku tatu kupanda mlima.

Mwisho wa kilima tukawakuta vijana wanamburuta ng'ombe juu ya matawi, shingo imekatwa. Mimi nilitua sanduku, nikashika mguu wa nyuma, nikavuta pamoja nao. Sikufikiri. Msibani mtu hasimami akitazama.

"Baba Marcelino, achia."

Isakwisa alikuwa nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mgonjwa.

"Achia mguu huo. Usijishike usoni."

Nikaachia. Wale vijana nao wakaachia, kwa mshangao tu. Akazunguka polepole, mikono mgongoni kama anayeogopa itamkimbia. Nikaona anachokiona. Shingo ilikuwa wazi, lakini matawi ya chini yake hayakuwa yamelowa. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi kama lami, imekataa kuganda. Puani povu jekundu. Tumbo limefura kama ngoma, na miguu bado inalegealegea.

"Amechinjwa wapi?" aliuliza.

"Pale kijitoni," kijana mmoja akajibu. "Alivunjika mguu, shemeji akaona amchinje hukohuko."

Isakwisa alivaa glavu za mpira, akatoboa sikio la ng'ombe kwa sindano, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akakitia dawa ya buluu. Nikafungua sanduku. Darubini ile ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kukusanya mwanga wa jua. Akakigeuza huku, akakigeuza kule. Ukungu mtupu. Bila jua, darubini ile ilikuwa bomba tu.

Mshika msiba alikuwa Abrahamu, mdogo wa marehemu, mtu mnene wa sauti, na alikuja akiwa ameshika panga la kugawia nyama.

"Mtoto wa mwinjilisti! Umekuja kutuzika au kutuchelewesha? Watu wana njaa."

"Pole kwa msiba, baba. Naomba ng'ombe huyu asipasuliwe kwanza."

"Ana nini?"

Nilijua Isakwisa anaweza kusema "ni marufuku". Sheria ilikuwa upande wake, na boma lilikuwa chini pale Mbeya. Lakini askari wangefika kesho. Watu walikuwa karibu mia mbili, visu vimeshanolewa, maji yanachemka kwenye masufuria matatu. Nikamtazama Isakwisa, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Sijui, baba," akasema.

"Hujui?"

"Nilichokiona kinanitisha. Ninadhani ni kimeta. Sijui. Naomba mnipe mpaka jua litoke."

Abrahamu akageukia watu. "Mmesikia? Kavuka ziwa, kala ugali wa serikali miaka chungu nzima, na karudi na nini? Na sijui! Sijui hata mimi ninayo hapa, bure, sikupanda meli."

Kicheko kikapita katikati ya msiba. Nikakumbuka Nyololo na kile kicheko, na kaburi lililokuja baada yake. Nilitaka kumshika mkono tuondoke.

Isakwisa alisubiri wanyamaze. Halafu akaketi chini, kwenye majani yenye umande, akawa chini ya Abrahamu kama inavyompasa kijana.

"Baba, niseme nilivyowaelewa, unisahihishe. Mkwe katembea siku tatu. Ng'ombe wake ni heshima ya marehemu na heshima ya Tusekile. Tukimwacha asiliwe ni kama kusema Gideoni alikuja mikono mitupu. Na mimi, kijana wa juzi, nimekuja kuwatukana mbele ya wafiwa. Ndivyo?"

"Ndivyo," Abrahamu akasema. "Ndivyo hasa."

Kumbe Tusekile alikuwa amesikia. Alitoka kwa wanawake, kitambaa cha kilio kimemlegea kichwani.

"Kaka, unataka wanicheke? Mwaka kesho nikija nyumbani niteke maji na nani? Dada zangu waume zao wameleta ng'ombe wawili, wazima, wamefungwa pale. Wa kwangu ndiye umtupe?"

"Dada, nikikosea nitakuja mwenyewe kanisani niombe radhi mbele ya watu," Isakwisa akasema. "Lakini nisipokosea, nani atakula kwanza? Wagawaji wanampa nani wa kwanza?"

Kila mtu alijua. Maini wanapewa wazee, na wafiwa wa damu. Nikaona macho ya Tusekile yakienda kwa mama yake, aliyekaa mlangoni na shuka begani.

Isakwisa akaendelea, taratibu: "Baba Abrahamu, wewe ndiye mwenye kinywa cha msiba huu. Je, desturi inahesabu nyama iliyoliwa, au inahesabu ng'ombe aliyepokelewa?"

Wazee wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema hajawahi kusikia ng'ombe akipokelewa bila kuliwa. Mwingine akasema wakati wa tauni ya ng'ombe ya zamani, babu yake alipokea kamba tupu. Wakabishana sana. Mimi muda wote huo natazama mikono yangu, nimeinyoosha mbele kama si yangu.

Mwisho Abrahamu alisimama akatangaza: "Ng'ombe wa Gideoni, mume wa Tusekile, tumempokea. Kamba yake naitundika mlangoni kwa marehemu. Atakayesema Gideoni hakuleta, aje aseme kwangu. Watu watakula hawa wawili waliofungwa pale. Huyu atalala mpaka jua litoke, na likitoka hamna kitu, mwana wa mwinjilisti, utamchuna mwenyewe kwa meno."

Gideoni alikuwa amekaa mbali, kichwa chini, kama mkwe anavyokaa mbele ya ukweni. Kamba ilipotundikwa, mabega yake yakaanza kutikisika. Isakwisa hakumwita. Alimfuata, akaketi kando yake, nami nikasogea. Walikaa kama watu wawili wanaosubiri basi.

"Mguu haukuvunjika," Gideoni akasema hatimaye.

"Nilidhani hivyo."

"Alianguka tu. Pale kijitoni, nyumba zinaonekana. Alikuwa ameshakufa, ndugu yangu. Nikasema siku tatu zote, halafu nifike na mzoga? Nikamkata shingo ili waone nimechinja. Nilijikwaruza na kisu." Akaonyesha kifundo cha mkono, mkwaruzo mdogo. "Ningesemaje mbele ya wote wale?"

"Sasa umesema. Alipokuwa Rujewa, wengine walikufa?"

"Wawili. Nilidhani ni majani."

Isakwisa alifumba macho. Kisha akasimama, akampeleka Gideoni kwa Abrahamu, na nje ya masikio ya watu Gideoni akayasema tena. Yule mzee alilitazama lile panga, akalitupa chini.

Damu iliyomwagika njiani ilimwagiwa chokaa. Vijana wakaleta kuni. Isakwisa aliandika majina ya wote waliogusa, kumi na mmoja, pamoja na langu. Tulinawa kwa dawa mpaka ngozi ikauma. Asubuhi jua likachungulia kidogo, akainama kwenye darubini. Alikaa pale muda mrefu mno. Nilijua anaogopa pande mbili: asipoviona, ameaibisha msiba, akiviona, sisi kumi na mmoja tumeshika kifo. Akainuka, akampisha Abrahamu aangalie.

"Vijiti," Abrahamu akasema. "Kama nyasi zilizokatwakatwa."

"Ndivyo hivyo, baba."

Akaonyesha watu waliotaka, mmoja mmoja. Moto ukawashwa, ukawaka mpaka jioni.

Siku ya tatu Gideoni alipata jipu kwenye kifundo, jeusi katikati, kuzunguka pamevimba. Isakwisa alilibonyeza pembeni. "Linauma?" Gideoni akasema haliumi hata kidogo, akafurahi. Isakwisa hakufurahi. Jipu la kimeta haliumi, na ndiyo maana watu hulipuuza. Alimpeleka hospitali siku ileile, kwa lori, barua mkononi imeandikwa kila kitu tangu Rujewa, saa kwa saa, hata daktari hakuwa na la kuuliza. Wakamchoma penisilini. Wakati huohuo alituma simu Rujewa waanze kuchanja.

Sisi wengine tulibaki tukisubiri. Sijui kama umewahi kusubiri mkono wako mwenyewe. Nilikuwa nikiamka naangalia vidole, nikila naangalia vidole. Kila asubuhi Isakwisa alipita nyumba kwa nyumba na ile orodha, anashika mikono ya watu, anauliza habari za homa, za tumbo, za kuwashwa. Siku ya sita, ya saba, hakuna. Habari kutoka hospitali ikawa Gideoni anakula. Nikaanza kusinzia vizuri.

Siku ya nane tulipita kumsalimu mama mfiwa. Tusekile alikuwa jikoni. Alitoka na bakuli la viazi, na mkono wa kulia ameufunga kitambaa.

Isakwisa alisimama palepale. Jina la Tusekile halikuwa kwenye orodha.

"Dada, hicho ni nini?"

"Si kitu, kaka. Jiko."

"Ulimgusa ng'ombe?"

Akatazama chini. Viazi vilikuwa vinatoa mvuke. "Nilikiosha kisu chake kijitoni," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla hamjafika. Mume wangu aliniita, nikakiosha, kisionekane kile cheusi. Uliposoma majina niliona aibu."

Mama yake alisimama mlangoni. Isakwisa alisogea, akaanza kufungua kitambaa. Fundo lilimshinda, ikabidi nimsaidie. Ndani palikuwa na kidonda kwenye kiganja, ukubwa wa shilingi, pembeni pamekuwa pekundu. Katikati palikuwa na weusi.

Alikibonyeza pembeni kwa kidole gumba.

"Yesu wangu!" Tusekile akapiga kelele, akauvuta mkono, bakuli likaanguka. "Kaka, unataka kuniua? Nimekuambia ni jiko, nimeshika sufuria jana!"

"Linauma?"

"Linauma sana!"

"Linauma sana?"

"Mama, mwambie huyu mtu aniache! Linauma, linauma!"

Isakwisa alichuchumaa katikati ya viazi. Akachota maji, akakiosha kidonda taratibu mpaka ule weusi ukatoka wote. Ulikuwa masizi ya sufuria. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, safi, ya kuungua. Hata hivyo akaandika jina lake kwenye orodha, namba kumi na mbili, akamwambia atakuja tena kesho, na kesho kutwa.